Breki Haziombewi Ruhusa

Wa Njombe na Makambako, poleni na baridi. Mwezi huu tuongelee zawadi. Sio maua, sio pafyumu, sio simu. Naongelea baiskeli ya umeme. Bado haijazagaa kama bodaboda, lakini mtu akitaka kumrahisishia mwenzie safari za kazini anaweza kuiagiza Dar ikaletwa na lori mpaka mlangoni.

Siku ya kukabidhiana ni raha tupu. Picha zinapigwa, majirani wanachungulia, bibie anapanda kilima bila jasho. Baada ya muda ndo kasheshe linaanza. Breki zinapiga kelele, cheni inaruka, betri haifiki pale ilipokuwa inafika. Hapo linakuja swali ambalo dukani hakuna aliyeliuliza: matunzo ni ya nani?

Chukulia nyumba ya aina hii, maana zipo nyingi. Mke anafanya kazi Njombe mjini. Mume kibarua chake kiko Makambako, kama kilomita 60 kutoka hapo, analala huko wiki nzima na kurudi Jumamosi. Jumanne mke anapiga simu: “Mume wangu, breki za baiskeli zinalia.” Jibu: “Vumilia kidogo mama, nikija tutaziangalia.” Jumamosi ikifika kuna mchango wa harusi, kuna ada, kuna mgonjwa wa kwenda kumwona. Breki zinasogezwa wiki ijayo.

Jamani, breki hazina wiki ijayo! Njombe mjini ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na barabara zake ni za kupanda na kushuka. Baiskeli ya umeme mara nyingi inapita kilo 20, kabla hujaweka mtu, mkoba na viazi vya jioni. Kupanda, mota inakusaidia. Kushuka ni wewe na breki zako. Ndio maana breki za baiskeli hii huisha mapema kuliko za ile ya kawaida.

Sasa msikilizeni shangazi yenu, na wote wawili msome, sio anayeendesha tu.

Kwanza breki. Kama zinabana rimu, angalia mifereji kwenye mipira yake. Ikishafutika, badilisha. Kama ni za diski, pedi ikibaki na unene wa milimita 1, muda wake umekwisha. Kelele inaweza kuwa uchafu au mafuta yaliyorukia diski, lakini inataka kuangaliwa siku hiyo hiyo. Waya wa breki ukianza kuchomoza nyuzi, usingoje ukatike. Pedi mpya nazo usishuke nazo kilima papo hapo. Tafuta sehemu tambarare, ukimbie na kufunga breki mara 20 au 30 mpaka zishike sawasawa. Halafu kwenye baiskeli nyingi za aina hii, mkono wa breki una swichi inayozima mota. Fundi akimaliza kazi, hakikisha swichi hiyo bado inafanya kazi.

Pili cheni. Hapa rula ya mtoto ya inchi 12 inatosha. Weka sifuri katikati ya pini moja. Cheni nzima itakuwa na pini nyingine katikati kabisa ya alama ya 12. Pini hiyo ikiwa imesogea mbele kama milimita moja na nusu, badilisha cheni. Ikisogea milimita tatu, ujue meno ya gia nayo yameshaliwa, na hapo unanunua vyote. Kwa hiyo aliyeahirisha kitu cha bei ndogo ameingia kwenye bei kubwa. Kama mota iko katikati, kwenye pedeli, nguvu yake yote inapita kwenye cheni, basi pima mara nyingi zaidi. Kama mota iko ndani ya gurudumu, cheni inapona kidogo, ila spoki za gurudumu hilo ndizo zinazoumia. Zigonge kwa kidole moja moja. Inayotoa mlio mzito imelegea.

Tatu tairi. La nyuma huisha haraka kwa sababu linabeba uzito mwingi. Ukiona nyuzi, hakuna mjadala. Na masika matope yakijaa, osha kwa kitambaa na maji kidogo. Usipige maji ya presha kwenye mota na viungio vya umeme.

Nne betri, na hapa ndipo penye mkwanja. Betri ya lithiamu hupungua nguvu taratibu. Nyingi huchukua mizunguko kati ya 500 na 1,000 ya kuchaji kabla hazijashuka hadi kama asilimia 80 ya uwezo wake. Kuchaji nusu mara mbili ni mzunguko mmoja. Ukichaji kamili mara 4 kwa wiki, hiyo ni mizunguko 208 kwa mwaka, kwa hiyo 500 unaifikia ndani ya mwaka wa tatu. Baridi ya Juni na Julai itapunguza umbali kwa muda tu, msianze kugombana eti nani kaiharibu. Iingizeni ndani, ipate joto la chumba ndipo ichajiwe. Tumia chaja yake, na usiiache ikichaji usiku mmelala, iwe kando ya kitanda au kwenye njia ya kutokea. Betri iliyovimba au kupasuka haichajiwi kabisa.

Umeona? Karibu vyote hivi vinatoa taarifa mapema. Kinachochelewa ni mazungumzo ya wawili.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Kwanza, spea ziingie kwenye bajeti ya nyumba kama zinavyoingia sukari na luku. Tuseme betri mpya ni laki sita, na mnategemea ya sasa idumu miezi 30. Hiyo ni elfu ishirini kila mwezi, inawekwa pembeni tangu mwezi wa kwanza. Laki sita ya ghafla inavunja amani ndani ya nyumba, elfu ishirini haimshtui mtu.

Pili, mgawane vizuri. Tairi, tyubu, cheni, waya na mipira ya breki mara nyingi fundi baiskeli wa kawaida anavipata. Betri, kontrola na skrini zinataka zifanane na baiskeli yenyewe, na huenda zikaagizwa mbali. Aliyeko Makambako, njia panda ya barabara kuu ya Zambia na ile ya Songea, apewe kazi ya kufuatilia mizigo ya Dar. Mwambieni namba zilizoandikwa kwenye betri, sio “ile nyeusi ndefu.”

Tatu, na hili ndilo kubwa: anayeendesha ndiye anayeamua kuhusu breki. Akisikia zinalegea, anakwenda kwa fundi, analipa kutoka kwenye fungu lile, kisha anamjulisha mwenzie. Anajulisha, haombi. Kina baba, najua wengine hapo mmekunja uso. Lakini ukimnunulia mtu kitu cha kumbeba kila asubuhi, halafu ukabaki na funguo ya pochi ya kukitengeneza, umempa nusu zawadi. Na kina mama, mkishapewa uamuzi msiuogope. Kukaa kimya ili uonekane mvumilivu, huku unashuka kilima umeshikilia breki mpaka kwenye hendo, huo sio uvumilivu.

Jumamosi hii mkiwa pamoja, toeni rula, igeuzeni baiskeli miguu juu, betri ikiwa imezimwa na kutolewa. Mmoja apime, mwingine aandike. Nusu saa inatosha, na mtajua mna miezi mingapi kabla ya kila kitu kudai pesa.

Haya wapendwa, tukutane mwezi ujao. Shukeni taratibu!