Msomi wa Sheria na Mwananchi wa Kingerikiti

MWEZI Agosti mwaka 2025 Halmashauri Kuu ya Taifa ya Chama Cha Mapinduzi ilimteua Ndugu Asha-Rose Migiro kuwa Katibu Mkuu wa Chama, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo. Pongezi zilikwisha kutolewa, nasi hatuna haja ya kuzirudia. Tunapenda kuitazama safari yake kwa jicho la mtumishi wa umma na la mwalimu, hasa wale wanaofanya kazi mbali na makao makuu, kama vile Kingerikiti katika milima ya Wilaya ya Nyasa.

Ndugu Migiro alizaliwa Songea tarehe 9 Julai 1956, wakati Mbinga na ufuko wake wa Ziwa Nyasa ulipokuwa bado sehemu ya Wilaya ya Songea, Jimbo la Kusini. Miaka 50 kabla yake, tarehe 27 Februari 1906, Wajerumani waliwanyonga mashujaa wa Maji Maji katika mji huo huo, kwa sheria ambayo mashujaa hao hawakuitunga. Mtoto aliyezaliwa Songea akaja kupata shahada ya udaktari wa sheria Ujerumani, katika Chuo Kikuu cha Konstanz, mwaka 1992. Historia nayo ina mizaha yake.

Lakini chimbuko la usomi wake si Konstanz. Chuo chetu Kikuu kilipofunguliwa Oktoba 1961 kilikuwa na kitivo kimoja tu, nacho ni cha sheria, chenye wanafunzi 14, wakisomea katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. TANU ilitoa nyumba yake kwa sababu nchi ilikuwa inakaribia uhuru huku wanasheria wake wazalendo wakihesabika kwa vidole. Katika kitivo hicho, baada ya kuhamia Mlimani, Ndugu Migiro alisoma mpaka shahada ya pili mwaka 1984. Akafundisha hapo hapo, na katika miaka ya 1990 akaongoza Idara ya Katiba na Sheria za Utawala, kisha ile ya sheria za madai na jinai.

Mengine yanajulikana. Mwaka 2000 aliingia Bungeni na kupewa Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia na Watoto. Mwaka 2006 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza Wizara ya Mambo ya Nje. Na kuanzia Februari 2007 hadi katikati ya mwaka 2012 alikuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Aliporejea nyumbani alikabidhiwa Wizara ya Katiba na Sheria, Januari 2014, katika mwaka mgumu wa Bunge Maalum la Katiba. Mwaka 2016 akapelekwa London kuwa Balozi.

Wengi hutazama New York na kuduwaa. Sisi tunaona uzito zaidi katika ile miaka ya darasani. Mwanafunzi wa sheria wa wakati ule ndiye hakimu, wakili na mwanasheria wa halmashauri wa miaka iliyofuata. Na kama mwalimu wake alimfundisha kwamba mamlaka ya ofisa yana mipaka, mwananchi amekwisha kunufaika kabla hajafika mahakamani.

Hapo ndipo tunapotaka kusema jambo na watumishi wenzetu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatamka wazi kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawasawa na ya mwanamume, na kwamba mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Inaagiza pia Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe saba, watatu wao wanawake. Je, ni wajane wangapi katika vijiji vya kahawa vya Umatengo waliowahi kusomewa maneno hayo na mtu yeyote mwenye mshahara wa Serikali? Sheria hiyo ilitungwa Dodoma. Kaburi la mume linachimbwa kijijini, na shamba linagawanywa kabla matanga hayajaanuliwa.

Tena mwaka 2021 Mabaraza ya Kata yaliondolewa mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi, yakabakiwa na kazi ya kusuluhisha katika muda wa siku 30. Mwananchi asiyejulishwa badiliko hilo atatoka barazani akidhani amepata hukumu, kumbe ana karatasi tu. Mwaka huo huo Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hatua hiyo tuliipokea kwa furaha. Kwa hiyo kisingizio cha Kiingereza kimekwisha, au kinapaswa kuwa kimekwisha.

Wala hatuwezi kumlaumu mtendaji wa kijiji peke yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilikataa kifungu hicho mwaka 2016, Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019 na kutoa mwaka mmoja kirekebishwe. Mwaka huo ukapita bila marekebisho. Mwalimu wa Kingerikiti anayejaribu kumbakiza msichana darasani alistahili msaada wa haraka zaidi kutoka kwa wakubwa wake, na Chama kinachoongoza Serikali hakiwezi kujitoa katika lawama hiyo.

Katibu Mkuu aliye mwalimu wa sheria hahitaji kuelezwa mambo haya na gazeti. Tunachomwomba ni kwamba vikao vya Chama vya kata na matawi viwe na ajenda ya sheria, isomwe kwa Kiswahili, iulizwe maswali. Na walimu wasingoje waraka. Nakala moja ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, mkutano mkuu mmoja wa kijiji, na saa mbili za jioni baada ya mavuno ya kahawa, zinatosha kuanzia.