Shujaa Asiyeshtakiwa: Tashtiti ya The Boys Ikisomwa Kutoka Kayole

Wahakiki wengi wameupokea mfululizo wa televisheni wa The Boys, ulioanza kuonyeshwa na kampuni ya Amazon mwaka 2019, kama tashtiti iliyokomaa. Hudaiwa kwamba umemvua joho shujaa wa Kimarekani: Homelander, anayeabudiwa na umma, ni muuaji, na Vought, kampuni inayomuuza, ndiyo iliyomtengeneza kwa dawa. Madai hayo ni ya kweli. Hata hivyo, tashtiti haipimwi kwa yule inayemcheka pekee. Hupimwa pia kwa kile inachokiacha kimesimama baada ya kicheko kwisha.

Na litazamwe suala la sheria. Ofisi ya kuwasimamia mashujaa inaundwa, lakini mkuu wake, mbunge Victoria Neuman, ameshafichuliwa kwa mtazamaji kuwa ni muuaji wa siri. Katika msimu wa tatu, Butcher na Hughie, mahasimu wa Homelander, wanajidunga dawa ya aina ileile ili walingane naye. Maana iliyofichika hapa ni kwamba muuaji hushindwa na muuaji mwenzake tu. Sheria ni kichekesho.

Kwa mtazamaji wa New York, huenda hayo yakawa masihara. Kayole, mtaa wa mashariki mwa Nairobi, hoja hiyo ina jina na picha. Katika miaka ya 2010 mitandao ya kijamii ilienea machapisho ya “Hessy wa Kayole”, lakabu ya msimuliaji wa mauaji ya vijana walioshukiwa kuwa wezi. Muundo wake ulikuwa wa hadithi ya mfululizo: kwanza picha ya kijana pamoja na onyo, kisha picha ya maiti, hatimaye shangwe za wasomaji. Washangiliaji walishikilia kwamba mahakama huwaachilia wahalifu, kwa hiyo risasi ndiyo haki. Hofu yao si ya kubuni: anayeporwa alfajiri akielekea kituo cha matatu ana haki ya kulalamika. Lakini hitimisho lao ni lile lile la The Boys.

Msimu wa tatu ulikamilika Julai 2022. Mwishoni Homelander anamuua mtu mchana, mbele ya umati. Kimya kinatanda, kisha vifijo vinalipuka. Bila shaka watunzi walikusudia vifijo hivyo vitishe. Lakini mtazamaji aliyefunzwa kwa misimu mitatu kutomwamini mbunge wala msimamizi yeyote, amebakiwa na nini ila kujichagulia muuaji wake?

Watetezi watasema kwamba tashtiti haina wajibu wa kuagua maradhi inayoyaanika. Sawa, ila ina wajibu wa kutoyapotosha. Mwezi huo huo wa Julai 2022, Mahakama Kuu ya Kenya iliwatia hatiani maafisa watatu wa polisi na raia mmoja kwa mauaji ya mwaka 2016 ya wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wao Joseph Muiruri. Mwenda, mwendesha bodaboda, alikuwa amemshtaki afisa wa polisi kwa IPOA, mamlaka ya kusimamia polisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Haki ilichukua miaka sita, na ilikuja bila vifijo. Mwenda aliiamini ofisi ya namna hiyo hata akauawa. Tashtiti inayozicheka ofisi zote kwa kipimo kimoja inamcheka na yeye.

Fasihi ya Kiswahili inajua njia nyingine. Katika Walenisi (1995), Katama Mkangi aliitazama dola kwa jicho la Dzombo, mtu aliyehukumiwa, na kutoka hapo akausawiri uwezekano wa jamii tofauti. Katika The Boys wahasiriwa wengi hupasuka kwa damu, mtazamaji akacheka, wasitajwe tena.

Kijana wa picha ile ya kwanza naye ana haki ya kusikilizwa, iliyoandikwa katika Kifungu cha 50 cha Katiba ya mwaka 2010. Uhakiki unaoisifu The Boys bila kuuliza yeye angeicheka wapi, umejiunga na washangiliaji.