*TAARIFA YA KATIBU WA TAWI: MPAKA HAUJALA SAMAKI WETU*



Tangu juzi unazunguka humu ujumbe unaotaka mpaka wa Sirari ufungwe, eti Wakenya wanatumalizia samaki. Nikinyamaza itaonekana nimekubali. Sikubali.

*Tuanze na hesabu.* Ziwa Victoria letu ni asilimia 51, Uganda 43, Kenya 6. Mwenye 51 anamlaumuje mwenye 6 kwa kila sangara aliyepungua? Samaki hana pasipoti. Anazaliwa huku, anakulia kule. Ndiyo maana mwaka 1994 nchi hizi tatu zilisaini mkataba Kisumu na kuunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, makao yake Jinja.

Kanuni zetu zinakataza sangara wa chini ya sentimita 50. Nendeni sokoni hapa Maswa mkaangalie mezani. Wapo wa kiganja. Hao hawakutoka Kenya. Wamevuliwa kwa kokoro upande wetu, na sisi tumewanunua kwa sababu ni bei chee. Nyani haoni kundule.

*Ushirikiano tunaoutaka na Kenya ni huu:* kipimo kimoja cha nyavu pande zote mbili, doria zinazopeana taarifa, na mzigo haramu uliokataliwa Sirari usipokelewe Isebania. Mpaka ukifungwa, anayeumia kwanza ni mama yetu mwenye magunia ya dagaa asiyekuwa na mnunuzi.

*Kuhusu mabwawa ya samaki:* wazo ni zuri, lakini tujifunze kwa jirani. Kuanzia 2009 Serikali ya Kenya iligharamia mabwawa 200 kwa kila jimbo, katika majimbo 140. Mengi yaliachwa baadaye, kwa sababu vifaranga na chakula vilimshinda mkulima. Nasi Maswa ukame tunaujua. Kabla ya kuomba shimo, tuulize maji ya Septemba, vifaranga na chakula vitatoka wapi, na kwa shilingi ngapi.

Mkutano ujao wa tawi napeleka hoja mbili: wanachama tuache kununua sangara wachanga kuanzia sasa, na tuwaombe wataalamu wa halmashauri waje na mchanganuo wa gharama za bwawa moja kabla hatujachangishana hata senti.

Anayepinga aje mkutanoni na namba. Kelele za kwenye simu hazijazi kikaango.

Kidumu Chama!

_Katibu wa Tawi, Maswa_