Tujihesabu Wenyewe

Ndugu Wanachama,

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Karafuu zetu twazipima kwa pishi na kwa kilo, lakini hali zetu wenyewe hatuzipimi. Twangoja mtaalamu aje na karatasi zake, atuulize, aondoke, majibu hatuyaoni.

Yafaa tuwatazame wenzetu wa Bara. Tangu mwaka 2010 kazi iitwayo Uwezo ilipeleka watu wa kujitolea nyumba hata nyumba, kuwapima watoto kusoma na kuhesabu. Wapimaji hao hawakuwa maprofesa. Walikuwa wenyeji wa wilaya zile zile. Mtihani ulikuwa wa darasa la pili tu. Ikaonekana kwamba katika kila watoto 10 wa darasa la tatu, 3 tu ndio walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili. Madarasa yalijaa, elimu haikujaa.

Mwenyeji ajua mlango wa kubisha. Huko Tunduma, mkoa wa Songwe, mpakani na Zambia, mama anayewauzia chakula madereva wa malori ajua siku gani foleni ni ndefu kabla mgeni hajashuka garini. Hakupungukiwa na akili. Amekosa daftari, na wenziwe wa kulinganisha nao hesabu.

Wako watakaosema kazi hii ni ya Serikali. Ni kweli, na hesabu zake twazihitaji. Wala hatutaanza bila ya kumwarifu Sheha. Lakini Serikali haishindi chini ya mikarafuu yetu.

Basi twashauri hivi: msimu ujao kila tawi lichague watu wawili, mmoja wao mwanamke. Waulize kila nyumba mambo matatu: miti mingapi imekufa, wachumaji wangapi wameanguka, na watoto wangapi wamekosa shule kwa ajili ya kuchuma. Majina ya watu yasiandikwe. Majibu yasomwe kwanza mbele ya tawi lenyewe.

Hilo la tatu litatuuma, kwani watoto hao ni wetu, na waliowapandisha mtini ni sisi. Hata hivyo liandikwe kama lilivyo. Tukificha aibu yetu, nani atatusadiki siku tutakapodai bei nzuri, au fidia ya mchumaji aliyevunjika mguu?

Madaftari na kalamu tutatoa sisi ofisini. Ukweli mtautoa nyinyi.