Dole Gumba la Mlezi Si Ridhaa ya Mtoto

Kijiji cha Namawala, karibu na Ifakara, kimezoea watafiti. Malaria imechunguzwa huko tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Mazoea hayo yana hatari yake. Mtafiti huonyesha kibali, mlezi huweka dole gumba, kisha yatima huulizwa mama yake alifarikije. Nasema wazi: hiyo si ridhaa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Basi na aulizwe yeye mwenyewe, kwa lugha aielewayo, na akisema “sitaki” asibembelezwe kwa sabuni wala daftari. Kidonda kikishatoneshwa, nani atakiuguza mtafiti akisharudi Dar es Salaam? Asiye na jibu asiulize.