Maria Magdalena hayumo kwenye picha ile

Kuhusu Karamu ya Mwisho ya Leonardo da Vinci, naomba tusipotoshwe. Picha hii imetundikwa sebuleni mwa nyumba nyingi huku Eastlands, Nairobi, kuanzia Kaloleni hadi Kayole, kwa hiyo inatuhusu. Yule kijana asiye na ndevu aliyeketi kuume kwa Yesu ni Yohana. Wachoraji wa Florence wa enzi za Leonardo walizoea kumchora hivyo, kwa sababu alihesabiwa kuwa mdogo kuliko mitume wote. Habari kwamba yeye ni Maria Magdalena imeenezwa mno na riwaya ya Dan Brown ya mwaka 2003.

Alama za kweli zipo, tena ziko wazi. Yuda kaukumbatia mfuko wa fedha. Petro ana kisu mkononi, na kabla ya kucha atakuwa amekata sikio la mtu Gethsemane. Kidole alichoinua Tomaso ndicho atakachotaka kukitia katika majeraha ya Yesu. Na miguu ya Yesu iko wapi? Hapo hakuna fumbo lolote: mwaka 1652 ukuta wenye picha hiyo ulitobolewa mlango, ikakatwa.

Kinachoniuma ni kwamba tunazichimba siri za Leonardo ilhali michoro ya Elimo Njau, iliyokamilika mwaka 1959 katika kanisa la Mtakatifu Yakobo, Murang'a, wengi wetu hatujawahi hata kuisikia. Njau aliichora Karamu hiyohiyo kwa sura za Kiafrika. Murang'a si mbali kwa matatu. Viongozi wa vijana makanisani, wapelekeni wakaione.