Nguvu ya Kundi na Hatari Yake

Mazoezi makali ya pamoja yaitwayo CrossFit yaliasisiwa California, Marekani, mwaka 2000. Tangu siku zile za mwanzo nguvu yake ni kundi, na hatari yake ni kundi lilo hilo: mgeni huona haya kupumzika, akajikaza hata misuli ikaharibika na figo zikadhurika.

Mlima Elgon, uonekanao toka Kitale na Bungoma, ulitulelea mfano mwema. Mwaka 1968, mjini Mexico, Ben Jipcho aliongoza kwa kasi mbio za mita 1500 ili Kipchoge Keino ashinde. Medali hakupata siku hiyo. Dhahabu zake mbili zilikuja Christchurch, 1974.

Basi vijana wetu wakusanyikapo, aliye hodari amwinue mwenziwe, asimwaibishe. Mwili ni amana.